RDC-Afya: Kuogopa maji ni alama ya mwisho ya kichaa cha mbwa, maisha huokolewa siku ya kwanza

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Kisangani ama Lubumbashi, mkaaji akiulizwa namna ya kumtambua mgonjwa wa kichaa cha mbwa, jibu huja upesi: ni yule anayeogopa maji. Jibu hilo ni la kweli na linajulikana tangu zamani. Shida ni kwamba alama hiyo huja ikiwa imechelewa. Siku mtoto anaposukuma kikombe cha maji huku koo limemkauka kwa kiu, virusi vimekwisha kufika kwenye ubongo, na hakuna hospitali, iwe ya Kinshasa ama ya Ulaya, yenye dawa ya kuvitoa. Watu waliopona baada ya hapo, duniani kote, ni wachache wa kuhesabika.

Hata hivyo, familia nyingi bado zinangojea alama hiyo. Mbwa ameng'ata, kidonda ni kidogo, damu imekatika, baada ya juma moja kimekauka. Wazazi wanasema: tuangalie kwanza. Wanaangalia kama mtoto anakula, kama anacheza, kama anakunywa maji. Miezi miwili inapita na kila mtu amesahau yule mbwa. Ndipo homa inaanza, mahali palipong'atwa panawasha ama panachoma, mtoto halali, na asubuhi moja anakataa maji.

Inchi inayoujua ugonjwa kwa alama yake ya mwisho inahesabu maiti tu. Kichaa cha mbwa ni kati ya magonjwa machache ambayo yanaua karibu kila mgonjwa, lakini yanazuilika karibu kila mara kama hatua zinachukuliwa mapema. Kati ya kifo na uzima kuna siku chache, na siku hizo ni zile za mwanzo.

Mwili unakataa, si moyo

Kwanza ni lazima kueleza kuogopa maji ni kitu gani, kwa sababu jina lenyewe linapoteza watu. Mgonjwa hachukii maji. Ana kiu na anataka kunywa. Lakini anapopeleka kikombe mdomoni, misuli ya koo na ile ya kupumulia inakaza kwa ghafla na kwa maumivu makali, kama mtu anayekabwa. Anatupa kikombe, anahema, anatetemeka. Baada ya mara mbili tatu, hata kuona maji, kusikia bidoni ikimiminwa, ama mtu kutamka neno maji, kunatosha kuamsha mkazo ule ule. Wengine wanashtuka vivyo hivyo kwa upepo mdogo unaopita dirishani.

Kwa kuwa hawezi kumeza, mate yanajaa na kutoka mdomoni. Mate hayo yana virusi. Kati ya shida moja na nyingine, mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu kabisa: anawatambua ndugu zake, anawaita kwa majina, anauliza anaugua nini. Hilo ndilo linalofanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuutazama. Kisha anazimia, na moyo ama pumzi vinasimama baada ya siku chache.

Tena, si kila mgonjwa anayeogopa maji. Kufuatana na Shirika la afya ulimwenguni, OMS, karibu mgonjwa mmoja kwa watano anapata aina nyingine ya ugonjwa huu: viungo vinalegea polepole kuanzia sehemu iliyong'atwa, anapooza, na anakufa bila vurugu. Huyo anaweza kuzikwa kwa jina la malaria ya ubongo ama la ugonjwa mwingine. Anayengojea kuona hofu ya maji ili aamini kwamba ni kichaa cha mbwa, kwa mgonjwa wa namna hiyo hataiona kamwe.

Mbwa hapimwi kwa sahani ya maji

Kuna kosa lingine linalotokana na jina hilo. Watu wengi wanafikiri kwamba mbwa mwenye kichaa naye anaogopa maji. Basi mbwa aking'ata mtu, wanamwekea sahani ya maji. Akinywa, wanatangaza kwamba ni mzima, na mtoto aliyeng'atwa anarudishwa nyumbani.

Kipimo hicho ni cha hatari. Hofu ya maji ni alama ya mtu, si ya mbwa. Mbwa mgonjwa anaweza kusogelea maji, kujaribu kunywa, hata kuvuka mto. Kinachoonekana kwake ni tabia kubadilika: mbwa mpole anakuwa mkali na kung'ata bila kuchokozwa, ama mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi na kujificha gizani. Anang'ata miti na mawe. Sauti yake inabadilika, taya la chini linalegea, mate yanadondoka, miguu ya nyuma inayumba.

Tena mbwa anaweza kuwa na virusi katika mate yake siku kadhaa kabla ya alama yoyote kuonekana. Ndiyo maana waganga wanaomba mbwa aliyeng'ata, kama anajulikana na anaonekana mzima, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima mpaka siku ya kumi, hakuwa na virusi katika mate siku alipong'ata, na matibabu ya mtu yanaweza kusimamishwa. Lakini matibabu yanaanza siku ile ile, hayangojei siku ya kumi. Mbwa akiuawa na kutupwa, ama akitoroka, inabidi kuhesabu kwamba alikuwa mgonjwa.

Si pepo, si uchawi

Katika inchi ambamo watoto wengi wamekwisha kufukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, kuogopa maji kunaweza kufunguliwa mlango mwingine. Mtoto anaona vitu ambavyo wengine hawavioni. Anapiga kelele usiku. Anarukaruka, anatema mate. Anarudi nyuma akiletewa maji, hata yale ya maombi. Mbele ya watu walioogopa, alama hizo zinafanana na za mtu mwenye pepo. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi ama kwa mganga wa kienyeji, anafungwa kamba, ananyimwa chakula, anamwagiwa maji kwa nguvu. Kwa mgonjwa wa kichaa cha mbwa, kumwagiwa maji ni kuongezewa mateso.

Hakuna haja ya kuwacheka wanaoomba. Ubelgiji, kabla ya chanjo kujulikana, watu waliong'atwa na mbwa walisafiri kwa karne nyingi hadi mji wa Saint-Hubert, katika misitu ya Ardennes, kumwomba mtakatifu wa wawindaji awaponye. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya Louis Pasteur na wenzake. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtoto Joseph Meister wa miaka 9, aliyeng'atwa na mbwa katika eneo la Alsace, alianza kuchomwa chanjo ambayo ilikuwa bado inajaribiwa. Mtoto huyo alipona, akaishi mpaka utu uzima.

Jambo la kukumbuka katika habari hiyo ni hili: chanjo ilitolewa baada ya kung'atwa, si kabla. Hilo linawezekana kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa vinatembea polepole. Havipiti ndani ya damu, vinapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu, kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo inachukua miezi miwili ama mitatu. Inaweza kuwa juma moja tu, inaweza kufika mwaka. Kidonda kikiwa karibu na kichwa, njia ni fupi. Ndiyo maana mtoto, ambaye kimo chake kinafanya ang'atwe usoni ama shingoni, yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mzima aliyeng'atwa mguuni. Chanjo inayotolewa mapema inaupa mwili nafasi ya kujitengenezea ulinzi kabla virusi havijafika.

Wachungaji, mapadri, maimamu na waganga wa kienyeji wana sauti ambayo wizara haina. Wakiuliza swali moja tu kwa kila familia inayoleta mgonjwa anayekataa maji, yaani: je, katika mwaka huu aliwahi kung'atwa ama kukwaruzwa na mbwa?, watakuwa wamesaidia sana. Huenda mgonjwa huyo hataokoka. Lakini atapelekwa hospitali, atawekwa katika chumba tulivu chenye mwanga mdogo, atapewa dawa za kumtuliza, atakufa bila kamba mikononi. Na ndugu waliogusana na mate yake, pamoja na watoto wengine walioguswa na mbwa yule yule, wataweza kuchanjwa wakati bado kuna nafasi.

Dakika 15 za maji na sabuni

Maji ambayo mgonjwa anayaogopa mwishoni ndiyo yale yale ambayo yangemwokoa mwanzoni. Hatua ya kwanza baada ya kung'atwa, kukwaruzwa, ama kulambwa na mbwa kwenye kidonda, ni kuosha mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Si kupangusa kwa kitambaa, wala si kumwaga kikombe kimoja. Ni dakika 15 kwa saa. Sabuni inaharibu ganda la virusi, na maji yanavitoa kabla havijaingia kwenye mishipa. Kisha kidonda kinapakwa pombe ya hospitali ama iodini, na mtu anakwenda kituo cha afya siku ile ile.

Mambo mengine yanayofanywa nyumbani yanapoteza wakati: pilipili, majivu, mafuta ya gari, nywele za mbwa zilizochomwa, ama jiwe jeusi ambalo familia nyingi zinaliweka kwa ajili ya kuumwa na nyoka. Hakuna hata kimoja kinachotoa virusi hivyo. Vingine vinaharibu nyama na kusukuma uchafu ndani. Hata kushona kidonda upesi si vizuri; mganga ndiye anayeamua lini kinashonwa.

Ni kweli kwamba dakika 15 za maji si jambo jepesi kila mahali. Katika kambi za waliokimbia vita, na katika mitaa ambako bidoni moja ya maji inanunuliwa ama inabebwa mgongoni kutoka ziwani, maji hayo yana bei. Lakini mzazi anayejua sababu yake atayatafuta.

Mtoto mwenyewe anapaswa kufundishwa kusema. Wengi wanaficha, kwa kuwa walikuwa wanamchokoza mbwa wa jirani ama walipita mahali walipokatazwa, na wanaogopa kuchapwa. Mtoto anayechapwa kwa kung'atwa atajifunza kunyamaza. Kufuatana na OMS, ugonjwa huu unaua karibu watu 59 000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na wanne kwa kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15.

RDC inalijua jambo hilo. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2009, hospitali ya watoto ya Kalembelembe, mjini Kinshasa, ilipokea watoto 21 wenye kichaa cha mbwa. Hayo yalitokea katika mji mkuu, mahali ambapo hospitali na maduka ya dawa ni mengi kuliko popote katika inchi.

Chanjo iliyo mbali ni kama haipo

Kuwaambia wazazi wakimbilie kituo cha afya kuna maana ikiwa kituo kina kitu cha kuwapa. Hapo ndipo serkali inapaswa kujibu. OMS inakadiria kwamba matibabu ya mtu aliyeng'atwa yanagharimu wastani wa dola 108 za Marekani, ukiongeza safari na siku za kazi zinazopotea. Kwa familia inayoishi kwa dola moja ama mbili kwa siku, hiyo si bei ya dawa, ni bei ya kuuza mbuzi ama shamba. Na si sindano moja: chanjo inarudiwa mara kadhaa, na kidonda kikiwa kirefu ama karibu na kichwa kunahitajika pia seramu inayowekwa ndani ya kidonda chenyewe. Anayetoka kijijini kwa pikipiki anarudi mjini mara tatu ama nne, na njiani kuna vizuizi, mvua na wenye silaha. Wengi wanapata sindano ya kwanza na hawarudi tena.

Kuna njia za kupunguza mzigo huo. Tangu mwaka 2018, OMS inakubali mpango mfupi ambamo chanjo kidogo inachomwa kwenye ngozi, sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, siku tatu baadaye na siku saba baadaye. Chupa moja inaweza kugawiwa watu kadhaa, na matibabu yanaisha katika juma moja. Kwa upande wake, shirika la Gavi, linalosaidia inchi maskini kununua chanjo, lilitangaza mwezi Juni 2024 kwamba inchi linazozisaidia zinaweza kuomba chanjo ya kichaa cha mbwa kwa watu. RDC ni kati ya inchi hizo. Wizara ya afya inapaswa kuwaeleza wakaaji wazi imefika wapi katika jambo hilo, na ni maeneo gani ya afya yatakayohudumiwa kwanza.

Haitoshi kusema kwamba barabara ni mbaya na umeme hakuna. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya mwezi Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 300 000 walichanjwa. Chanjo ile ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na ilifika Beni, Butembo, Mabalako na vijiji vya ndani kabisa, katikati ya vita. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitaji baridi ya frigo ya kawaida, ile ile inayotunza chanjo ya surua. Kilichopatikana kwa Ebola ni feza na macho ya dunia. Kichaa cha mbwa hakina hata kimoja, kwa sababu kinaua mtoto mmoja huku, mwingine kule, na kila mmoja analiliwa katika kijiji chake.

Risasi kwa mbwa si dawa

Mara mbwa anapong'ata watu wengi, jibu linalokuja haraka ni amri ya kuua mbwa wote wanaozurura. Wakaaji wanapiga makofi, polisi wanapiga risasi, na baada ya miezi michache mbwa wengine wamekuja kuchukua nafasi ya waliokufa, bila chanjo. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilijaribu njia hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1990: mbwa wengi mno waliuawa, ugonjwa ukabaki. Tena, mkubwa akiamuru mbwa wauawe, wenye mbwa wanawaficha ama kuwahamisha, na virusi vinahama pamoja nao.

Njia inayoshinda inajulikana. Ni kuchanja mbwa, angalau 70 kwa kila 100 katika eneo moja, na kurudia. Mexico ilifanya hivyo kwa miaka mingi, na mwaka 2019 OMS ilithibitisha kwamba inchi hiyo imemaliza vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa. Karibu zaidi, katika kisiwa cha Pemba, Tanzania, kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa. Ziliposimama ukarudi, na zilipoanzishwa tena ukaondoka. Somo la Pemba linafaa kuandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mifugo: kampeni ya mara moja haitoshi.

Katika RDC, mbwa anaangaliwa na wizara moja na mtu anaangaliwa na nyingine. Muuguzi anayempokea mtoto aliyeng'atwa mara nyingi hana njia ya kumjulisha mganga wa mifugo, na mganga wa mifugo aliyeona mbwa mgonjwa hajui nani ameng'atwa. Chifu wa avenyu, ambaye anajua kila parseli ina mbwa wangapi, haulizwi na yeyote. Kuwaunganisha watatu hao hakuhitaji mradi mkubwa kutoka ng'ambo. Kunahitaji namba za simu na mtu wa kuwajibika katika kila eneo la afya.

Kila tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. OMS na mashirika mengine ya kimataifa yamejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030. Hotuba zitatolewa tena Kinshasa na katika majimbo. Wakaaji wana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kupiga makofi: katika eneo letu la afya chanjo iko kwenye frigo gani, mtoto aliyeng'atwa atalipa kiasi gani, na mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu.

Mzazi anaweza kumfundisha mtoto wake kusema ukweli, kuosha kidonda kwa dakika 15 na kutongojea alama. Kipande cha sabuni kinauzwa kwenye kila botike. Chanjo haipatikani kwenye kila kituo cha afya, na hilo haliko mikononi mwa mzazi.